Kadi ya Themanini na Saba

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 14 Mei, filamu iitwayo Soko la Zohali ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwa watazamaji themanini na sita katika ukumbi wa majaribio huko Chofu, magharibi mwa Tokyo. Saa saba na nusu mchana, Utsumi Kayo alikuwa na kadi za maoni themanini na saba.

Alizihesabu tena. Kazi yake katika kampuni ile ndogo ilikuwa kugawa kadi na penseli, kuzikusanya, kisha kumwandikia mwongozaji muhtasari. Kwa miaka kumi na tisa aliwahi kupungukiwa na kadi mara nyingi. Hakuwahi kupata ya ziada.

Maoni yalikuwa ya kukatisha tamaa. "Macho yangu yameshiba, akili imerudi nyumbani na njaa." "Nzuri kama kalenda ya benki, na ina hadithi kama ya kalenda ya benki." "Saa mbili na dakika arobaini. Niliingia kijana." Mama mmoja alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: "Watu wale watatu wa sokoni wamefungwa kimono kama maiti. Nani aliwavisha?"

Kadi ya themanini na saba ilikuwa imeandikwa juu chini, kana kwamba mwandishi aliigeuza karatasi bila kujali mistari. Ilinuka udi wa msibani. Namba ya kiti ilikuwa G-9. Maneno yalikuwa machache: "Tumevishwa sawasawa. Asanteni kwa kutukumbuka."

Kayo alitazama orodha yake. Safu ya G haikukaliwa na mtu.

Himuro Takuma, mwongozaji, aliisoma kadi hiyo akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mfuko wa suruali ya jinzi. Zile nyingine alikuwa amezisukuma pembeni kama maganda ya maharage.

"Hatimaye mtu mwenye macho," alisema. "Hawa themanini na sita wangeridhika na tangazo la mchele."

"Kiti hicho kilikuwa kitupu, Bwana Himuro."

"Basi mwenye akili alihama kiti kuwakimbia wajinga. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo."

"Na huyu mama aliyeandika kuhusu kimono?"

"Bibi wa kijijini. Nimemjengea sayari nzima, yeye anakagua nguo."

Kayo alizirudisha kadi kwenye kisanduku chake. Watu watatu wa sokoni walivishwa na mama yake.

Bi Fumie, mama yake Kayo, alikuwa na miaka sabini na minne na alifundisha uvaaji wa kimono huko Hachioji. Kampuni ilipotafuta wazee watatu wa kupita mbele ya kamera, Kayo alimpendekeza mama yake. Mama alikwenda na wenzake wawili wa darasani: Bwana Kirishima, aliyebeba tundu tupu la ndege, na Bi Odagiri, aliyebeba tikiti. Yeye mwenyewe alishika taa. Walipita mbele ya kitambaa cha kijani, na kompyuta ikawawekea Zohali nyuma yao.

Bwana Kirishima alifariki tarehe 13 Mei akiwa anaoga, siku moja kabla ya onyesho. Alikuwa na miaka themanini na moja. Hakuna aliyeshangaa.

Jioni ya siku ya onyesho Kayo alimuuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida, kama siku ya kupiga picha huenda alikosea kufunga kimono.

Bi Fumie aliweka chini vijiti vyake vya kulia chakula. "Mwanangu, nimefunga kimono kwa miaka hamsini. Upande wa kushoto juu ya wa kulia kwa aliye hai. Kulia juu ya kushoto kwa aliyekufa. Hata nikiwa na homa sikosei. Nani kasema?"

"Mtazamaji mmoja."

"Mwambie aje anifundishe."

Kayo alikwenda kwa Yonekura, fundi wa picha, kijana mnene aliyeishi kwa tambi za kikombe. Yonekura alifungua kile kipande cha sokoni na kukitazama huku akitafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Dada Kayo, hiki kimegeuzwa. Bosi alitaka mwanga wa pete utoke kushoto. Wazee walipigwa picha mwanga ukitoka kulia. Nikakigeuza kama kwenye kioo. Sokoni hakuna herufi za Kijapani, kwa hiyo hakuna aliyegundua." Akashusha sauti. "Kila mkunjo umegeuka. Nimewavalisha sanda wote watatu kwa kubonyeza mara moja."

"Kigeuze tena."

"Bosi ameweka nywila. Anasema akiona mtu kagusa mwanga wake, mtu huyo ahamie kwenye katuni za watoto."

Bi Odagiri alifariki tarehe 27 Mei, ameketi mbele ya televisheni. Onyesho la pili lilifanyika kesho yake, saa nne na dakika kumi. Watazamaji sabini na tisa. Safari hii Kayo alifunga safu ya G kwa utepe wa manjano na kubaki ukumbini. Filamu ilipoisha watu walitoka wakipiga miayo, mmoja akisema kwamba hata Zohali alionekana kuchoka. Mlango ukajifunga. Taa zilikuwa zinawaka zote. Hapo ndipo Kayo aliposikia penseli, kwanza moja, ikikwaruza polepole kama ya mtu anayefikiri kabla ya kila neno, halafu ya pili, ya haraka zaidi, na harufu ya udi ikashuka ngazi kwa ngazi kutoka safu za juu hadi ikamfikia alipokuwa amesimama na kisanduku chake, naye akajiambia kwamba atageuka, kwamba mtu mzima hushindwaje kugeuka mchana kweupe ndani ya ukumbi wenye taa, na hakugeuka mpaka penseli zote mbili zikawekwa chini, moja baada ya nyingine, kwa adabu.

Kadi mbili zilikuwa kwenye viti vya G-9 na G-10. Utepe haukukatika. Zote ziliandikwa juu chini. Ya pili ilisema: "Sasa tuko wawili. Tunamsubiri mwenye taa."

Kayo aliipeleka nyumbani. Bi Fumie aliivalia miwani.

"Huu ni mkono wa Odagiri," alisema taratibu. "Miaka thelathini ananiandikia salamu za mwaka mpya." Aliigeuza kadi. "Maiti hufanyiwa kila kitu kinyume. Hata maji ya kumwosha, ya moto huongezwa kwenye ya baridi. Anaandika juu chini, kama wanavyoandika wafu." Kisha akauliza swali ambalo Kayo alikuwa akilikwepa. "Mwenye taa ni mimi, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Onyesho lijalo ni lini?"

"Tarehe kumi na nane Juni."

Bi Fumie alizima redio. "Wenzangu walisikia wameitwa, wakaitika. Watu wenye adabu. Kamwambie bosi wako anitoe."

Himuro alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote mwaka ule. Halafu akacheka puani.

"Bi Utsumi, watu mia moja na sitini wameitemea mate kazi yangu. Wawili wameielewa. Unataka niwasikilize wale waliotema?"

"Hao wawili wamekufa."

"Basi wafu wana akili kuliko wanunuzi wa tiketi. Sishangai."

"Mtoe mama yangu kwenye picha. Sikuombi kingine."

Alimtazama kama mtu anayetazama doa kwenye lenzi. "Taa lazima ipite. Bila taa kipande chote ni ukungu. Nitaibeba mwenyewe. Mama yako aje anivishe, kisha akalale salama na mizimu yake."

"Itageuzwa, Bwana Himuro. Utaonekana kama wao. Ufungwe kinyume basi, ili ikigeuzwa ikae sawa."

Aliyekataa alikuwa Bi Fumie. Alisimama katika chumba cha mavazi tarehe 5 Juni, mkanda begani, akasema hajawahi kumfunga mtu anayepumua kama maiti na hataanza leo. Alimwomba Himuro ageuze mwanga badala yake. Himuro alimwambia aharakishe, kwamba Zohali hamngojei bibi. Bi Fumie akamfunga, kushoto juu ya kulia, akalainisha mkunjo kifuani kwa kiganja, akainama.

Ndani ya treni Kayo alimuuliza kwa nini hakumkatalia kabisa.

"Kwa mkono wangu nimemvisha kama mtu aliye hai," alisema Bi Fumie. "Nimemwonya mbele yako. Kilichobaki ni chake."

Tarehe 18 Juni walikuja watazamaji tisini na mmoja. Kabla ya mlango kufunguliwa Kayo alimpigia mama yake, aliyekuwa akimenya figili na hakutaka mazungumzo marefu. Kiti cha Himuro, cha mwisho kulia, kilibaki kitupu. Simu yake iliita bila kupokelewa. Kwenye kioo cha sinema alipita sokoni akiwa na taa, nyuma ya tundu na tikiti, kulia juu ya kushoto, na mtu mmoja safu ya mbele akasema kwa sauti, "Huyu naye anatembea kama anauza nyumba." Wengi walicheka. Alipotoka nje ya picha walikuwa bado wanacheka.

Kadi zilikuwa tisini na nne. Tisini na moja zilisema yaleyale. Tatu zilikuwa safu ya G, zimeandikwa juu chini. Ya tatu ilikuwa na mkia kama wa ndoana kwenye herufi ya mwisho, mkia ambao Kayo alikuwa ameuona chini ya kila barua ya kazi kwa miaka saba. Ilisema: "Hatimaye ukumbi wenye macho."

Saa nane na dakika ishirini mchana, daktari wa polisi alithibitisha kwamba Himuro Takuma, miaka hamsini na miwili, alifariki katika chumba cha uhariri kabla ya saa tatu asubuhi. Filamu ilianza saa nne na dakika kumi. Kadi yake iliokotwa kwenye kiti G-11 saa saba na dakika tano.