Betri ya Pili ya Saady

Jua lilikuwa linazama nilipoamua kuimaliza Hiace ya Saady. Huyu Saady anauza vitenge magulioni, leo Titye, kesho Kitahana, na hulala humo humo garini. Ana kitanda, taa na friji ndogo. Alitaka betri ya pili, ili friji isiinyonye betri ya kuwashia gari. Kazi ya kawaida: waya mnene kutoka mbele, fyuzi, na rilei ya kuruhusu chaji ipite injini inapounguruma tu.

"Naenda kuswali Magharibi," alisema. "Betri iweke kando ya sanduku la chini ya kitanda. Sanduku lina kufuli, usilihangaikie."

Nikabandua sakafu nipitishe waya.

Waya ulikuwepo tayari.

Mpya, umeishia nusu ya njia. Viungo vimesokotwa kuelekea kushoto na kufungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Kasulu nzima aliyefunga hivyo ni mmoja tu, mdogo wangu Hashimu. Nilimgombeza miaka mingi kwa uchafu huo.

Hashimu tulimzika mwaka jana. Au niseme walimzika, maana mimi nilikuwa Kibondo nikitengeneza gari la mkubwa fulani, nikafika kaburi limeshafukiwa. Mama aliufunua uso wa maiti akapiga kelele kwamba yule si mwanawe. Aliponisimulia, nilimwambia aache kututia aibu. Naam, ni mimi niliyesema hivyo.

Na gari hili liliingia nchini mwezi uliopita.

Nikaendeleza waya. Nilipokaza nati ya mwisho, harufu ya udongo mbichi ikanijia... udongo na kafuri ya maiti. Halafu, ndani ya sanduku:

Ngo. Ngo.

Tulipofanya kazi pamoja, mmoja akiwa uvunguni mwa gari, kugonga mara mbili kulikuwa na maana moja: washa. Kidole kikabonyeza swichi kabla sijafikiri. Taa ikawaka.

"Hashimu?" nikanong'ona.

Ikanijibu pumzi. Ndefu, ya mtu aliyechoka sana.

Bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Kufuli lenyewe dogo, la kuvunja kwa pigo moja.

"Umemaliza, fundi?"

Saady alisimama mlangoni. Aliitazama sakafu iliyobanduliwa, wala hakushtuka.

"Waya huu... nani alianza kuufunga?"

"Kijana wangu. Hasemi, hachagui chakula." Akatabasamu. "Ila siku hizi anachoka, kazi hamalizi. Wewe unafunga vizuri."

Nikairudisha sakafu, skrubu moja baada ya nyingine. Hakunishikia panga. Niliogopa tu, basi. Gari likaondoka kuelekea barabara ya Kibondo.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Sijui nilitegemea nini, labda anisamehe. Alisikiliza bila kulia, akauliza:

"Mwana wanje, mwanangu, kufuli ulilivunja?"



Sasa kila siku ya gulio mama hutoka, na miaka yake sabini na moja, kwenda kuitafuta ile Hiace. Kagerankanda amefika, Titye amefika. Nimembembeleza nimpeleke kwa pikipiki. Amekataa. Anasema hawezi kufuatana na mtu aliyemwacha mdogo wake mara mbili.