Swali Ambalo Msikizi Hakuulizwa

Msikizi, kifaa chenye akili, alikuwa mdogo kuliko ngumi ya mtoto, lakini hapakuwa na sauti ndani ya injini iliyomponyoka. Alibandikwa ubavuni mwa injini, akasikiliza kila pistoni na kila beringi, kisha akatamka kwa upole kama itamaliza mbio au haitamaliza. Mhandisi Nashipae ndiye aliyemuunda, na mwaka huo wa 2139 ndege zote nane za mashindano ya Uwanda wa Magadi zilimtegemea, kila moja ikiwa na wake.

Siku za kawaida vyombo vya jiji vilijiendesha vyenyewe angani, kimya, abiria wakisinzia. Siku ya mashindano watu walitaka kelele. Zilitolewa ndege za kivita za karne mbili zilizopita, zenye pangaboi puani, na ndani ya kila moja akaketi binadamu. Injini zililazimishwa kutoa nguvu maradufu ya ile ziliyoundiwa, huku zikinyunyiziwa maji na spiriti zisipasuke kwa joto. Ni wazimu, ndiyo, ila wazimu mtamu.

Rubani wa Nashipae alikuwa mumewe, Parsaloi, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuambulia zaidi ya nafasi ya pili. Asubuhi hiyo, katika mchujo, aliwaacha wote. Sasa alikuwa ameshajifunga mikanda kungoja fainali, akiimba vibaya.

"Mama Resian, tafuta pa kuweka kikombe cha ushindi!"

"Punguza sauti, utaitisha injini."

Nashipae alikuwa akifuta chujio la oili kwa kitambaa cheupe. Tangu Msikizi aje, kazi hiyo haikuwa na lazima, ila mazoea yana taabu. Kitambaani aliona chembe tatu za chuma zikimetameta. Beringi ilikuwa inalika.

"Msikizi, itamaliza?"

"Itamaliza mizunguko yote minane. Uhakika ni tisini na saba kwa mia."

"Na baada ya hapo, mpaka itue?"

"Hesabu hiyo sikupewa."

Aliyempa hesabu ni Nashipae mwenyewe, kwa haraka, kabla ya mashindano ya kwanza. Kuuliza si ujinga, lakini yeye aliuliza nusu.

"Ifanye sasa."

"Kutua salama: arobaini kwa mia."

Nashipae alimwinulia mumewe kitambaa. "Baba Resian, shuka."

"Nishuke? Leo si tunashinda!"

"Tungeshinda. Kisha ningebaki mjane mwenye kikombe."

Parsaloi alikitazama kitambaa, akafungua mikanda, akashuka amenuna. "Hata hivyo ningewashinda," alinung'unika. Nashipae alimpenda saa ile kuliko siku zote.

Nashipae aliwaarifu waandaaji, wakasimamisha fainali, na Msikizi wa kila ndege akaulizwa upya. Ndege nyingine moja ikatolewa mashindanoni. Nashipae angeweza kuishia hapo, akapigiwa makofi. Lakini alimkumbuka Kasaine, bingwa wa mwaka uliopita. Injini yake ilizimika mara tu alipovuka mstari wa mwisho, ndege ikaanguka kwenye tope la magadi, naye akapoteza mguu. Siku ile Nashipae aliwaambia waandishi wa habari kwamba mashine haikukosea. Ilisema itamaliza, na kweli ilimaliza.

Kasaine alikuwa jukwaani akitafuna karanga. Tangu ajali hakuwa amepanda ndege yoyote. Nashipae aliketi kando yake, akamsimulia yote bila kujitetea.

Kasaine aliacha kutafuna.

"Mwaka mzima nimejilaumu," alisema. "Nilidhani furaha ilinilegeza mikono. Nikifumba macho naishusha tena ile ndege, na kila mara naona nilipokosea."

"Hukukosea, dada. Niliyekosea ni mimi."

Nashipae alingoja matusi, maana aliyastahili. Kasaine akalia waziwazi, bila kuuficha uso, kisha akajifuta macho kwa kiganja chenye chumvi ya karanga, ikamwasha, akacheka kidogo.

"Hiyo beringi mnaibadilisha lini?"

"Kesho."

"Nitakuja. Usimwambie mtu." Alikunjua vidole vyake, akavitazama. "Nataka tu nikae kwenye kiti cha rubani, nione kama mikono bado inakumbuka."