Mlima Namba Saba

Mezani pa Dakta Somoe Nampunda bahari ilionekana imekatwa kama mkate wa boflo. Jicholindi, mtambo unaosikiliza kina kwa vinasa-sauti elfu tatu, ulimwonyesha kitu ambacho aliye juu ya maji hakioni: uso umetulia kama maji ya mtungini, na chini yake wimbi lenye kimo cha ghorofa ishirini linapita taratibu.

Hilo lilikuwa wimbi la ndani. Maji ya juu yana joto na ni mepesi. Ya chini ni baridi na mazito. Kujaa na kupwa kwa bahari kunapoyasukuma yale mazito kwenye mlima wa chini ya bahari, yanaupanda, yanaporomoka, na mpaka wa tabaka hizo mbili hubaki ukiyumba hadi mbali sana.

Mawimbi hayo yalikuwa yakipinda mabomba yaliyovuta baridi ya kilindini kupoza jiji la Mkondoni. Ndiyo maana, mwaka uliopita, Somoe alishauri kilele cha Mlima Namba Saba kipunguzwe. Roboti-parazi zikakikwangua kwa siku tisa. Mabomba yakatulia, naye akapandishwa cheo.

Sasa wakulima wa mwani wa pwani ya Rasini walilalamika kwamba mwani wao unaoza. Wakubwa wa Somoe walisema ni ugonjwa. Yeye hakuridhika. Alifungua kumbukumbu za zamani, akalifuata wimbi moja kutoka Namba Saba. Lilipogonga miinuko midogo karibu na pwani lilitawanyika, likavunjika, na kila kipande kikapandisha maji baridi yenye rutuba hadi mashambani. Mara mbili kila siku. Akafungua kumbukumbu za mwaka huu. Hapakuwa na kitu.

Alikwenda Rasini mwenyewe, akamweleza Bi Esha Mnungu, kiongozi wa wakulima, mambo yote, pamoja na jina la aliyeshauri mlima ukwanguliwe.

“Sikujua mlima ule unafika huku, mama,” alisema Somoe.

“Hukujua, au hukuuliza?”

Hesabu za Somoe zilikuwa zimeishia pale mabomba yalipoishia.

Aliomba aonyeshwe mahali ile baridi ilipokuwa ikifika. Bi Esha akakunja kanga, akamtangulia hadi maji ya magotini. Zamani, alisema, saa kama hii baridi ilikuwa ikiwagusa vifundoni, wakajua mwani umekula.

Wakasimama, wakangoja. Maji yalibaki vuguvugu.