Redio Aliyoitaka Susu

Kila jioni saa moja, mimi nilinyamaza nikitaka nisitake. Nyanya yangu, ninayemwita Susu kwa Kikamba, alisuka kiondo, kikapu cha kuuza, huku redio ikisoma matangazo ya vifo. Likitajwa jina la mtu wa kwao Kitui, vidole vyake vilisimama. Kisha mvua ikavujia redio ile katika chumba chetu cha mabati mtaani Lindi, hapa jijini, ikafa.

Jumanne Susu alinipa shilingi elfu moja na mia mbili, pesa za viondo. "Nzembi, nenda Kawangware ulinganishe vizuri. Usidanganywe na rangi. Nataka redio inayosema nikasikia."

Dukani, muuzaji Gachanja aliwasha redio nyeusi yenye antena ndefu. Kila neno la mtangazaji lilisikika. Halafu akanivisha hedifoni nyekundu. Mama yangu! Besi ilinigonga hadi kifuani. Na bei ilikuwa ile ile.

"Hizi zina redio pia?" nikauliza.

"Ipo, lakini ya kujidai tu. Kwenye nyumba ya mabati itakoroma. Hizi ni za muziki wa simu, siste. Unamnunulia nani?"

"Ni zangu," nikasema bila haya. Rafiki yangu Becky alikuwa na simu, na mimi nilikuwa nimechoka kumwomba hedifoni zake.

Nyumbani Susu alizivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa, akakunja uso. "Mbona zinanguruma tu? Redio hazikuwapo?"

"Zilikwisha, Susu. Hizi zina redio ndani, ni stesheni tu ina hitilafu. Kesho itarudi."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Siku nne alisuka kimya, nami nikicheza nje na Becky, hedifoni zikiwa masikioni mwangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi jioni Mutinda, jirani yetu fundi wa viatu, alibisha hodi akiwa na pakiti ya sukari.

"Pole sana, Susu. Nilisikia redioni tangu Jumatano. Nilidhani umeshasafiri, hadi nilipoona taa yako sasa hivi."

"Pole ya nini, Mutinda?"

Mutinda aliiweka sukari mezani. "Dada yako Kasyoka. Amezikwa leo mchana."

Huko Kitui walikuwa na namba ya simu ya Susu iliyoibwa Krismasi, kwa hiyo walitegemea redio. Walijua haikosi kumfikia.

Nilikiri yote nikilia. Susu hakunichapa, na afadhali angenichapa. Jumatatu nilirudisha hedifoni, na Gachanja akanibadilishia kwa ile redio nyeusi. "Si ulisema ni zako?" aliniuliza. Nikaikumbatia redio, nikaondoka.

Saa moja jioni nilinyoosha antena. Sauti ilikuwa safi kabisa. Familia ya marehemu Kasyoka iliwashukuru jamaa na marafiki wote waliofika kumzika.

Vidole vya Susu vilisimama.

"Nzembi," alisema bila kuniangalia, "ulilinganisha kwa masikio yako, na haja ilikuwa yangu. Hilo ni kosa la kitoto, dawa yake ni kurudi dukani. Lakini ulipoongeza uongo, duka halikuweza kusaidia tena. Ungeniambia ukweli hata Alhamisi, mwanangu, ningewahi kumzika dada yangu."