Wataitwa

Yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, alipoachiwa kuku na shangazi yake aliyehamia kwa mwanawe. Walikuwa chotara, nusu wa kienyeji, nusu wa kisasa. Jioni ya kwanza waligoma kuingia bandani. Aliwaita wee, akawamwagia pumba, wapi! Akampigia shangazi simu.

"Waache, mwanangu. Wataitwa."

"Na nani, shangazi?"

Simu ikakatika. Giza lilikuwa limeshatanda bandani aliposikia humo ndani, taratibu, "Kuu-ku-ku-ku!" Kuku wakaanza kuingia mmoja mmoja. Iliyokuwa ikiwaita ni sauti yake mwenyewe, na mdomo alikuwa ameuziba kwa viganja vyote viwili.