Chumvi ya Mwadi

Foleni ya wamama kwenye mashine ya kusaga ya mtaa wa Shituru, Likasi, ilikuwa imefika barabarani siku Urbain alipotokea akisukuma kompyuta ndani ya bruweti ya gurudumu moja, kana kwamba ni gunia la mihogo. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 1999. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa unakuja na kuondoka bila kuaga, na mtaani kote ni laini ya mashine hiyo tu iliyokuwa na nguvu ya kutegemewa. Mwenye mashine alikuwa amemkubalia achomeke chombo chake kwa robo saa.

Mwadi alikuwa wa sita kwenye foleni, beseni la mahindi kichwani, mtoto wake Sephora mgongoni, amejifunga kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Alimtazama kijana yule, shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Papa, ile televizyo unataka batusagie unga yake?"

Wamama walicheka. Urbain alifuta jasho, akacheka nao.

"Hapana televizyo, mama. Ni ordinateri. Iko na akili, lakini haikule kuran ya umeme tangu juzi."

"Basi inapita baba ya mutoto yangu. Ye alikuwa anakula tu."

Foleni nzima ilipasuka. Urbain alitoa kijitabu mfukoni, akaandika kitu, akakirudisha. Mwadi aliliona hilo, na likampendeza bila kujua kwa nini. Tangu lini mwanamume akaandika maneno ya mwanamke aliyebeba mahindi?

Mwadi alikuwa anasoma kuandika kwa mashine, masomo ya jioni kule parokiani. Juma lile lile Urbain alianza kumngoja mlangoni amsindikize. Njiani alimuuliza mambo mia, naye Mwadi alijibu kama anavyojibu watu wote, kwa utani unaokwenda na ukweli wake. Urbain akisema amechoka, Mwadi humwambia akae, amtajie ni nani amemchokesha. Akisema ana njaa, humuuliza ni njaa ya tumbo ao ya moyo. Na kijitabu kilikuwa kinajaa.

Siku moja, akimpakulia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, alimwita chumvi yangu. Urbain aliuliza kwa nini chumvi, wengine wanaitwa sukari.

"Sukari tunakosa na tunaishi," Mwadi alimwambia. "Chumvi ikikosa, hata sombe inakuwa sawa majani ya mbuzi."

Neno hilo hakuwa amempa mtu mwingine. Hata baba ya Sephora, aliyekwenda kutafuta almasi na kuoa hukohuko, hakulipata.

Kisha likaja jina la Danielle.

Lilikuja kwa phonie. Karibu na posta kulikuwa na chumba cha redio ya kuongelea na watu wa Lubumbashi, na anayeongea humo anasikiwa na benchi zima la wanaongoja zamu. Urbain aliitwa, Mwadi akamfuata. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye chombo, nyepesi, ya mtu aliyesoma.

"Urbain, disketi ilifika. Nilisoma yote. Nilicheka mpaka nililia. Uko mubaya weye. À vous," alimaliza, akimwachia Urbain zamu.

Urbain alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia angoje siku ya mkutano, ataona mengine. Mwadi alikipima kicheko kile. Kwake yeye Urbain alikuwa hajacheka kirefu hivyo tangu mwezi ulipoanza.

Nje alimuuliza yule ni nani. Urbain alisema ni Danielle, wa Lubumbashi, anamsaidia kwenye programu ya kompyuta anayoitengeneza.

"Anasaidia nini?"

"Alitengeneza mistari mbili."

"Mistari mbili," Mwadi alisema, "na meno yote inje."

Urbain alidhani huo ni utani.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye salle, ukumbi wa parokia ya Panda. Kwenye kitambaa cheupe walikuwa wameandika: Programu huru na akili ya mashine. Kulikuwa na walimu, masista, wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa na miezi bila mshahara lakini wakaja na kravati shingoni. Simu ya kuleta internet haikuwepo, basi waliunganisha kompyuta tatu kwa waya, kurasa zikawa zinatembea kutoka meza hadi meza. Urbain alikuwa ameshamweleza Mwadi sheria yao: programu huru ni ya kila mtu, unaifungua, unaona tumbo lake, unatengeneza palipoharibika, unampa jirani. Kitu kimoja tu ni mwiko, kufuta majina ya waliofanya kazi kabla yako.

Mwadi alivaa kitenge kipya, akasuka nywele. Hakufanya hivyo kwa ajili ya kompyuta. Kesho yake, Urbain na mjomba wake walikuwa waje kubisha mlango kwa baba yake Mwadi, mzee Athanase, kuposa. Na mzee alikuwa amesema wazi kwamba mlango huo aliufungua mara moja, akaingia mtu akaondoka na heshima ya nyumba. Safari hii Mwadi mwenyewe amwambie, kabla jua la Jumamosi hiyo halijazama, kama aufungue au aufunge.

Danielle alikuwa mrefu, suruali ya jinzi, miwani myembamba, na alikaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyekaa jikoni kwake. Mwadi alimkagua kutoka visigino hadi msuko wa mwisho, akitafuta dosari, asiipate.

Saa nane umeme ukakatika. Danielle hakuinua hata kichwa.

"Chumvi yangu, kuran imeenda. Washa groupe."

Na Urbain akaenda. Hakugeuka, hakushangaa. Alienda kama mume anavyokwenda.

Mwadi alimfuata. Alimkuta nyuma ya salle, mikono imejaa mafuta, groupe, jenereta ya parokia, imeshaanza kunguruma.

"Ile neno aliitoa wapi?"

"Neno gani?"

"Usinifanye mupumbafu, Urbain. Chumvi."

Urbain alicheka, na hilo lilikuwa kosa. Alipoona uso wake akaacha. Akasema si Danielle, ni programu ndiyo inayosema hivyo, Danielle anaiga kwa mchezo tu. Kama hasadiki, aje aone.

Alimkalisha kwenye meza ya pembeni, kompyuta ikiwa imeamka tena. Mwadi aliandika kwa vidole kumi, kama alivyofundishwa: nimechoka.

Mashine ikajibu: "Ikala, uniambie nani amekuchokesha."

Akaandika kwamba ana njaa.

"Njaa ya tumbo ao ya moyo?"

Akaandika kwamba anaondoka.

"Enda, chumvi yangu, lakini achia sauti yako hapa."

Lilikuwa lake. Yote yalikuwa yake. Hilo la mwisho alikuwa amelisema siku Urbain alipokwenda kumzika mama yake. Kwenye meza ya pili mwalimu mmoja mwenye upara alikuwa anaitwa chumvi na kuchekelea. Kwenye ya tatu masista wawili walikuwa wanangoja zamu.

"Mbele nilikuwa na wivu ya mwanamuke mumoja," Mwadi alisema taratibu. "Sasa niko nayo ya salle nzima."

"Nilitaka iongee sawa weye. Hakuna muntu anaongea Kiswahili muzuri kupita weye. Njo maana."

"Nionyeshe tumbo yake."

Urbain aliifungua programu. Juu kabisa kulikuwa na majina: Urbain. Danielle. Hata François fulani wa Kolwezi aliyesahihisha nukta. Mwadi alisoma mara mbili, kidole kwenye kioo.

"Danielle, mistari mbili, jina yake iko. Na miye?"

Watu wa kazi ile huandika jina la aliyegusa vibonye. Aliyefungua kinywa hawamkumbuki.

Mbele, Danielle alikuwa ametangaza saa ya maswali: aliyeona kosa kwenye programu asimame aliseme, ndiyo desturi yao. Mwadi alimfunga Sephora vizuri mgongoni, akasimama.

"Niko na kosa moja. Jina moja inakosekana."

Vichwa vyote viligeuka.

"Maneno ya ile mashine ni yangu. Nilisema ingine ku mashine ya kusaga, na ingine ku njia ya kurudi. Nilisema kwa muntu mumoja. Hakuniomba ruhusa."

Danielle alivua miwani, akamgeukia Urbain.

"Shi ulituambia ni maneno ya bantu ya Likasi."

"Ni ya muntu mumoja," Mwadi alisema.

Danielle aliinuka. Hakubisha. Alikisogeza kiti chake kuelekea Mwadi, na Mwadi, ambaye alikuwa amekuja amejitayarisha kumchukia hadi kufa, akaona kazi hiyo imekuwa ngumu. Mwadi alikaa. Alitafuta chumvi yangu ndani ya programu, kila ilipokuwa, mahali saba, akaifuta saba. Watu wote walitazama.

"Ile ingine yote nawapa," alisema. "Hii, hapana."

Urbain alikuja akapiga goti kando ya kiti, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Alisema amekosa, akalisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Kisha, juu ya jina lake mwenyewe, akaandika: Maneno ya Mwadi. Vidole vikasimama.

"Niandike Mwadi nani?"

"Andika Mwadi tu. Jina ya pili utaongeza siku baba amekupa miye."

"Kesho nikuye kubisha mlango?"

"Nyuma ya misa kwisha. Na mujomba wako asichelewe, baba hapendi bukari ya baridi."

Danielle alikuwa ameshahifadhi kila kitu kwenye disketi groupe ilipokohoa mara mbili na kuzima. Vioo vyote vitatu vikawa vyeusi. Danielle, kwa mazoea, alifungua kinywa. Akakifunga, akamtazama Mwadi.

"Chumvi yangu," Mwadi alisema mbele ya walimu, masista na kravati zote, "groupe imezima."

Urbain aligeuka kwanza, akamtazama. Ndipo akaenda.