Aliyeniibia Jua Asubuhi ya Kesi

Jamani, jua linaibiwa!

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, nawasubiri. Mimi Renae niliibiwa jua mchana kweupe, hapa hapa jangwani Arizona, asubuhi ambayo jaji alikuwa anaamua kama mwanangu ataishi na mimi au la.

Na aliyeniibia ni mwanamke niliyekuwa namwita mama.

Nilikuwa nashuka kilimani, ambako ndiko pekee simu inashika mtandao, tena wa kupiga na ujumbe tu. Wakili wangu alikuwa ameandika: "Saa tatu kamili, kwa video. Jaji anataka kukuona ndani ya makao yako. Ukikosekana, tumekwisha."

Nikatia simu mfukoni. Nikainua macho kutazama vani yangu...

Nikaanza kukimbia.

Basi la Lavonne, huyo huyo niliyekuwa namwita mama!

Lile basi lake la kuishi, refu, jeupe, lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa vani yangu, upande wa kusini-mashariki. Kivuli chake kilikuwa kimemeza paa langu lote. Paneli zangu zote za umeme wa jua ziko gizani, hata kona moja haikubaki.

Wenzangu mnaoishi kwenye magari mmeshaelewa. Kwa nyie wengine: hapa kambini unaweza kukopa maji ya mtu, ukakopa gesi yake, hata ukikalia kiti chake atakusamehe. Lakini kukaa kwenye jua lake? Januari, wakati jua lenyewe linatambaa chini chini upande wa kusini? Huo ni uadui.

Na Lavonne analijua hilo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuegesha!

Ngoja niwaeleze nilivyokuwa nimekwama.

Karibu wiki nzima kulikuwa na mawingu. Kazi yangu ni ya kompyuta, nasikiliza sauti za madaktari na kuandika wanachosema. Mtandao unatoka kwenye kisahani cha setilaiti juu ya paa, nacho kinakula umeme bila huruma. Jana yake jioni betri za ndani ziliisha kazi ikiwa katikati. Nikafanya ule upuuzi ambao kila mtu wa vani ameufanya walau mara moja... nikawasha swichi nyekundu, ile inayounganisha betri za ndani na betri ya kuwashia gari.

Nikajiambia nitaizima sasa hivi.

Nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi kompyuta imekufa, mtandao umekufa, na gari lenyewe ukizungusha ufunguo linasema "tk" basi. Simu nayo ilikuwa inakata roho. Ila anga lilikuwa safi, mawingu yote yameondoka! Nikasema sawa, hili jua la asubuhi linanitosha kwa kesi. Nikapanda kilimani moyo umetulia.

Sasa nimerudi, jua halipo!

Nisogeze vani? Haiwaki. Niishtue kwa nyaya? Nyaya zangu za kushtulia betri nilikuwa nimemwazima mtu wiki iliyopita.

Nani? Lavonne!

Hapo ndipo shetani akanikalia sikioni.

Maana Dwight, baba wa mwanangu Britta, alikuwa amempigia Lavonne simu siku chache kabla. Lavonne mwenyewe ndiye aliyeniambia, huku anacheka.

"Mume wako wa zamani kanipigia," alisema. "Anataka nishuhudie kwamba unaishi gizani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia atafute kazi ya kufanya. Nikamwambia huku tunaishi kwa heshima, hakuna anayemgongea mwenzake mlango."

Tulicheka wote. Lakini asubuhi ile, nikitazama kile kivuli juu ya paneli zangu, kicheko chake nikakisikia upya. Britta ana miaka tisa. Tangu kiangazi yuko kwa baba yake Minnesota, na kila tukiongea ananiuliza swali moja tu: "Mama, nakuja lini?"

Na sasa nani amenunuliwa? Nani amekaa juu ya jua langu?

Nikaanza kupiga kelele.

"Lavonne! Toa hilo dude lako!"

Mbwa wake tu, Otis, akaanza kubweka ndani.

"Lavonne! Unajua leo ni siku gani! Dwight amekupa nini?"

Otis anabweka.

"Ng'ombe mzee wewe! Mnafiki mkubwa! Nilikupikia supu ulipougua, na wewe unaniuzia mtoto?"

Nilizunguka lile basi kama kichaa. Injini ilikuwa bado na joto. Kiti cha dereva kitupu. Pazia nyuma ya kiti limefungwa, mapazia ya madirishani yamefungwa.

Na sikilizeni niwaambie kitu cha ajabu... na hasira zote zile, sikugonga mlango!

Huku kambini pazia likifungwa, hugongi. Mtu amelala, au anaoga, au hataki kuona sura yako. Ndiyo sheria ya kwanza unayofundishwa. Kutukana nilitukana hadi sauti ikakauka, lakini mkono wangu ulikataa kabisa kugusa ule mlango.

Nikarudi kwenye vani. Nikajaribu ufunguo. Tk.

Nikapanda paani nikitaka kung'oa paneli kwa mikono. Zimefungwa kwa boliti. Nikashuka, magoti yamechubuka, nalia.

Siku hiyo karibu kambi yote ilikuwa imekwenda mjini kujaza maji. Nikasikia gari nyuma yangu. Mzee Orville, wa mwisho kuondoka, kwenye pikapu yake iliyojaa madumu.

"We Renae, unalia nini asubuhi yote hii?"

"Kesi yangu, mzee! Sina umeme! Una nyaya za kushtulia gari?"

"Nyaya sina. Panda! Maktaba ya mjini ina mtandao na inafunguliwa mapema. Tukiwahi sasa hivi, utafika."

Jamani, nilimwona Orville kama malaika mwenye kofia chakavu. Nikachukua kompyuta na chaja, nikakimbia. Mguu mmoja ndani ya pikapu...

Otis akanyamaza.

Akaanza kulia. Sauti nyembamba, ndefu, ya kumwita mtu asiyeitika.

Nikaganda na mguu wangu mmoja nje.

"Unasubiri nini?" Orville akafoka. "Muda!"

"Mzee... ulishawahi kumsikia Otis akibweka muda mrefu hivi?"

"Kha! Huyo Lavonne hamwachi abweke hata mara mbili. Anaona aibu kwa majirani."

Tukatazamana.

Nilimtazama Orville, nikatazama barabara ya mjini. Nikamwona Britta kule mwisho wake, na begi lake la zambarau. Ukweli nausema: nilitaka kwenda. Nilitaka sana. Nilitaka Otis arudi kubweka ili niendelee kuwa na hasira.

"Pazia limefungwa," Orville alisema polepole; hata yeye aliiogopa ile sheria.

"Najua!"

Nikashuka, begi la kompyuta begani.

Nikagonga ule mlango kwa ngumi mbili. Hakuna jibu. Nikavuta kitasa, kimefungwa. Nikaokota jiwe, nikapiga kioo cha mlango, nikaingiza mkono.

Lavonne alikuwa chini, kwenye kijia kati ya kitanda na jiko.

Uso mweupe, jasho linamtiririka, macho yamefumbuka nusu. Midomo inacheza lakini sauti haitoki. Mezani kuna kalamu yake ya insulini, na kando yake sahani ya mkate ambao haujaguswa. Amejidunga sindano, halafu hakula!

"Mzee! Sukari imeshuka! Panda kilimani uite gari la wagonjwa!"

Pikapu ya Orville iliondoka na vumbi lake, madumu yakigongana.

Nikamlaza ubavu. Nikapata asali kabatini, nikampaka ndani ya shavu kidogo kidogo kwa kidole, nikisugua.

"Lavonne. Lavonne, meza basi. Usinifanyie hivi, mama. Meza."

Akameza.

Nikampaka tena. Otis amelala juu ya miguu yake, hataki kubanduka. Taratibu macho yakaanza kunitafuta.

"Waya..." akanong'ona.

"Usiongee."

"Waya... mfupi."

Ndipo nikaona. Kwenye mkono wake, umezungushwa hadi kwenye kiwiko, ulikuwepo waya wa njano. Ule wa kupelekea umeme kwenye gari jingine. Chini ya bega lake zilikuwepo nyaya zangu za kushtulia betri, zimekunjwa vizuri.

"Mawingu yote yale..." alisema, anavuta pumzi kila neno. "Nikajua betri zako... zimekwisha. Na kesi ni leo. Waya haufiki... ndiyo nikasogeza basi. Pazia lako lilikuwa limefungwa. Sikutaka kukugongea."

Nililia nikashindwa hata kumshika vizuri.

Mwanamke huyu aliamka, akajidunga sindano yake, akaacha mkate wake mezani ili aniletee umeme. Akadhani nimelala. Akakaa humu ndani akisubiri pazia langu lifunguliwe, kwa heshima, na sukari inashuka. Na mimi nimesimama nje, nasubiri pazia lake lifunguliwe, natukana!

"Saa ngapi?" akauliza.

Nikatazama saa ya jikoni. Saa tatu ilikuwa imeshapita.

"Achana na kesi."

"Mpumbavu wewe. Chomeka hiyo kompyuta."

"Lavonne..."

"Chomeka!"

Soketi ilikuwa juu ya kichwa chake. Betri zake ni kubwa, zinaweza hata kupika. Mtandao wake naujua, kompyuta yangu inaujua. Nikachomeka, nikakaa palepale sakafuni, kichwa chake pajani kwangu, glasi ya juisi mkononi. Picha ikafunguka.

Wakili wa Dwight alikuwa katikati ya maneno.

"...na kama unavyoona, Mheshimiwa, hajatokea. Hana umeme wa kuhudhuria hata kesi ya mtoto wake! Anaishi mahali ambapo, kwa maneno ya jirani yake mwenyewe, hakuna anayemgongea mwenzake mlango. Mtoto akizidiwa kule, nani atajua?"

"Nipo," nikasema. "Nipo, Mheshimiwa. Samahani."

Jaji Halvorsen alisogea karibu na kamera. Mama mtu mzima, miwani imeshuka puani.

"Bi Skogen, hayo ndiyo makao yako?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni ya jirani yangu. Gari langu halina umeme asubuhi hii."

Wakili akatabasamu. Dwight, kwenye kidirisha chake, akainamisha kichwa.

"Na huyo aliyelala ni nani?"

"Ndiye jirani mwenyewe. Sukari imemshuka. Gari la wagonjwa linakuja. Naomba nimalize kumnywesha hii juisi, halafu utaniuliza utakalo."

"Malizia," jaji alisema.

Watu wote wale wamekaa wanatazama mtu akinywa juisi.

"Nyuma yako naona kioo kimevunjika," jaji akasema. "Mlango huo ni wa nani?"

"Wa Lavonne."

"Na nani kauvunja?"

"Mimi."

"Ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa. Na mapazia yamefungwa."

Jaji akamgeukia wakili. "Ulikuwa unasema hakuna anayegonga?"

Wakili akaanza kupekua karatasi zake.

Ndipo sauti ikatoka pajani kwangu, dhaifu lakini ya kusikika vizuri:

"Mheshimiwa... na mimi nina la kusema."

"Sema, mama."

"Huyu mwanamke alinitukana asubuhi nzima. Nilikuwa chini hapa, siwezi kuinua hata ulimi, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi. Nilisikia kila neno." Akapumzika. "Hasa lile la ng'ombe mzee."

Nilitamani sakafu ipasuke!

"Halafu akaniacha?" Lavonne akaendelea. "Hakuniacha. Alinichukia, na bado alivunja mlango. Sasa nyie mnataka mtoto alelewe na mtu wa namna gani?"

Dwight alijifuta uso. Akamwambia wakili wake kitu ambacho hatukukisikia, kisha akawasha sauti.

"Mheshimiwa, acha mtoto aende kwa mama yake."

Wadau, nimeandika haya nikiwa na sababu.

Mimi niliamini heshima ni kutomsumbua mtu. Lavonne naye aliamini hivyo hivyo. Tulikuwa watu wawili tunaopendana, tumetenganishwa na bati na kitambaa, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na ilibaki kidogo nimzike. Kama una jirani wa aina hiyo, mpole, mapazia yake yamefungwa tangu jana... gonga! Akikufokea, afadhali. Mwenye kufoka yuko hai.

Nilipomweleza betri ziliishaje, jaji alikubali kwa sharti moja, kwamba ile swichi nyekundu niing'oe. Nimeing'oa, na kioo cha mlango nimeweka kipya.

Britta alifika wiki mbili baadaye na begi lake la zambarau. Kila asubuhi, kabla ya masomo yake ya mtandaoni, kazi yake ni moja. Anavaa ndala, anaenda kwenye basi, anagonga kwa ngumi mbili.

"Nani?" Lavonne anafoka ndani. "Ng'ombe mzee bado amelala!"

"Mimi! Umeshakula?"

"Nakula!"

"Nionyeshe!"

Pazia linafunguka, mkono unatoka na kipande cha mkate kilichong'atwa.

Waya wa njano bado ni mfupi, Lavonne amekataa kununua mwingine. Kwa hiyo basi lake bado liko ubavuni mwa vani yangu, bega kwa bega.

Ila siku hizi analiegesha upande wa kaskazini.